Gari Lililopandishwa Pindo

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu,

Salamu kutoka barazani. Mimi na cherehani yangu sote wazima, ila mmoja wetu anahitaji mafuta kwenye magoti. Shangazi yako hajambo. Anakusalimu, na sasa hivi amesimama nyuma yangu akiangalia kama nimeandika kwamba anakusalimu.

Dereva wa lori la maji ameniletea barua yako ya Januari. Nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Mkataba wako uliisha Oktoba, na meneja bado anasema fundi wa kushika nafasi yako yuko njiani. Huyo mtu anakuja kwa magoti? Nilikwenda ofisi ya kazi. Wakaniambia nilete mkataba. Nikawaambia mkataba umo kwenye droo ya meneja, pamoja na kitambulisho chako na leseni yako. Wakasema basi nilete mwenye mkataba. Nikawashukuru kwa muda wao, maana walionekana kuwa nao mwingi.

Sasa nina jambo dogo. Lile gari lako la magurudumu manne, ulilolianza kulitengeneza ukaliacha juu ya matofali hapa uani, kuku wa jirani ametaga kwenye kiti cha dereva. Nimeamua kulimaliza. Niandikie linainuliwaje, pole pole, kama unamweleza mtu aliyeshona suruali miaka arobaini. Usiniulize kwa nini. Mzee lazima awe na shughuli.

Baba yako

*

Machimboni, 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Shikamoo kwa shangazi pia. Mimi mzima, kwa maana kwamba hakuna kiungo kilichopungua.

Nilicheka uliposema utamaliza gari. Nilicheka peke yangu kitandani, wenzangu wakageuka kuniangalia. Hapa watu hawacheki bila sababu ya maana. Tunalala wanane katika kontena moja la chuma. Lina dirisha moja, na dirisha linatazama kontena jingine. Asubuhi tunahesabiwa getini, jioni tunahesabiwa tena. Juzi walipata mtu mmoja zaidi. Wakahesabu upya mpaka akapungua.

Haya, gari. Ekseli, kile chuma kirefu kinachobeba magurudumu, inakaa chini ya springi, zile bapa za chuma zilizopangwa kama kurasa za daftari. Za gari hilo zimechoka. Tafuta ndefu zaidi na zenye mkunjo mkubwa, gari litapanda kiganja kizima. Lakini ukilipandisha, kila kitu kinachoshuka chini kinakuwa kifupi: shokapu, mipira ya breki, na ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Usipoirefusha mipira ya breki, siku gurudumu likining'inia shimoni mpira unakatika, nawe unabaki na honi tu. Shafti mpelekee mtu wa kuchomelea. Usichomelee mwenyewe, baba. Nakujua.

Mashine ya kusaga mawe inakohoa tangu asubuhi, naitwa. Mwezi uliopita niliiacha ilale siku mbili makusudi, nikidhani watanichoka. Wakafunga jiko la wachimbaji siku hizo mbili. Sijarudia.

Binti yako

*

Nyumbani, 8 Machi

Mwanangu fundi,

Hujambo huko? Hapa tu wazima, isipokuwa kidole changu gumba, ambacho kilitangulia mahali nyundo ilikuwa inakwenda.

Kumbe gari ni suruali tu. Kupandisha pindo ni rahisi, kazi ni kuifanya isimbane mtu akichuchumaa. Nimepima kila kitu kwa tepu yangu, gari likiwa chini na likiwa limeinuliwa, gurudumu likining'inia. Springi nimezipata. Mipira ya breki nimeirefusha. Shafti ilikuwa imepungukiwa na upana wa vidole vinne, nikaipeleka kwa mchomeleaji. Akaniuliza nani amepima. Nikasema mimi. Akapima upya, akawasha mashine yake. Hiyo siku nilikula vizuri.

Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ilikuwa inalia kama mtoto wa kambo, kwa hiyo nimeng'oa ekseli yote na kuweka nyingine kutoka kwa muuza vyuma chakavu. Ameapa kwamba ni ileile. Alikuwa anatafuna wakati anaapa, lakini ameapa.

Shangazi yako amelipanda akiwa na kigoda. Akasema ukikaa humo unaona mpaka mambo ya majirani ambayo hukuyaomba. Amekaa saa nzima.

Sasa nieleze barabara ya kwenu ikoje. Mchanga una kina gani? Kuna makorongo? Pembamba kabisa ni wapi? Nauliza tu.

Baba yako

*

Machimboni, 24 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kidole kimepona, kama kimepona. Hukusema.

"Nauliza tu." Baba, mimi ni mwanao, nimelelewa na hizo "nauliza tu". Unataka kuja kunichukua. Usije.

Sikiliza. Kutoka lami mpaka hapa ni kilomita sitini. Hamsini ni mchanga wa mto mkavu. Kisha, kilomita sita kabla ya geti, kuna mwanya wa mawe. Kuta za mwamba kulia na kushoto, chini mwamba mtupu, mgumu kama sakafu. Magari mawili hayapishani pale. Lori la maji likipita, dereva anakunja vioo. Ukivuka hapo unafika getini, na getini ndipo pa kuishia. Desemba alikuja mzee mmoja kumwona binti yake, mwenzangu wa kitanda cha chini. Aliambiwa binti yuko zamu. Alikaa juani mpaka jioni, akaacha kifurushi cha sabuni, akaondoka. Binti yake alikuwa nyuma ya kontena wakati wote huo, mlinzi amesimama mbele yake. Sabuni hajaitumia mpaka leo. Anainusa tu. Sitaki uje kuniachia sabuni.

Na hiyo difu inanitisha. Muuza chuma akisema "ileile" anamaanisha nayo ni nyeusi. Chukua chaki yako ya kushonea, weka alama kwenye shafti. Inua ekseli ya nyuma, zungusheni magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja, mhesabu shafti imezunguka mara ngapi. Kisha fanyeni vivyo hivyo mbele. Hesabu zikilingana, shukuru. Zikipishana, usiingize magurudumu yote manne yavute pamoja juu ya jiwe gumu hata kwa utani. Mchangani matairi yanateleza kidogo, yanasameheana. Juu ya mwamba hayatelezi. Mbele inataka mwendo wake, nyuma wake, hakuna anayemwachia mwenzake, gari linajifunga. Gia ndogo, ile ya kuingizia manne, haitoki hata uivute kwa mikono miwili. Litakaa hapohapo mpaka mtu anayejua aje ainue gurudumu moja kwa jeki.

Kaa nyumbani, baba. Shona.

Binti yako

*

Nyumbani, 10 Aprili

Mwanangu,

Natumai u mzima na hasira zimepoa. Kidole kimepona. Ukucha umeondoka, tunasubiri mwingine, naye yuko njiani kama yule fundi wenu.

Tumehesabu. Shangazi yako gurudumu la kulia, mimi la kushoto, na dereva wa maji, aliyekuwa amekuja kuleta barua tu, amelala chini anatazama chaki. Nyuma: mara nne na kitu kidogo. Mbele: mara tatu na nusu na ushee. Tukarudia. Shangazi yako akasema labda mimi nasukuma haraka. Nikamwambia tumesukuma pamoja, dada yangu, huwezi kufika kabla ya gurudumu lako. Dereva akatoka chini na mafuta kwenye sikio, akasema, "Mzee, umeuziwa gari mbili."

Nilimrudia muuza chuma. Akasema zile za kulingana zimekwisha. Kwa hiyo gari liko hivyo, mbele na nyuma haviafikiani, kama mimi na shangazi yako, na bado nyumba inakwenda.

Barua yako ya mwanya wa mawe nimeisoma mara tatu. Nina maswali mawili tu, kisha naenda kushona. Gari likikwama huko kwenu, nani hutumwa kulikwamua? Na tangi la kambi likijaa, maji yanawatosha siku ngapi?

Nauliza tu.

Baba yako

*

Machimboni, 26 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Hutumwa mimi. Kuna nani mwingine? Mwaka jana lori la maji lilifia karibu na geti. Nilipelekwa na mlinzi mmoja, nikalitengeneza, ndani ya saa moja nilikuwa nimerudishwa. Ndiyo mara ya pekee nimeiona kambi kwa nje. Ni ndogo sana, baba. Nilishangaa. Maji yanatosha siku nne, tano tukinuka.

Sijui kwa nini unauliza na sina nguvu ya kukisia. Meneja ameniita. Kwenye meza kulikuwa na mkataba mpya wa miaka miwili na kalamu imeshafunguliwa. Nikasema nataka kwenda nyumbani kwanza. Akasema, "Nani amekukataza? Geti lile pale." Kilomita sitini, kwa miguu, bila kitambulisho na bila maji. Alikuwa anatabasamu. Droo ya vitambulisho iko upande wa goti lake la kulia, ina kitasa kidogo. Naiangalia kila nikiingia, mpaka namba ya kitasa naijua. Nisiposaini kufikia tarehe 15 Mei, kadi yangu ya chakula inafungwa.

Binti wa kitanda cha chini amesaini jana. Alirudi, akachukua ile sabuni, akaenda kuoga nayo.

Usiniandikie habari za springi tena. Gari uza. Ukiona barua zangu zimekoma, jua nimesaini na naona aibu. Msalimie shangazi.

Binti yako

*

Mwanyani, 11 Mei

Mwanangu,

Habari za huko ndani? Mimi sijambo. Nimekaa kivulini mwa gari langu refu, kivuli kikubwa kuliko baraza yetu.

Umeipata barua hii ndani ya pindo la kofia ya dereva wa maji, aliyekuja huko kwa miguu. Nimeishona mwenyewe, kwa hiyo kata uzi, usivute. Kwa meneja ana maneno mengine, ya mdomo.

Jambo lenyewe ni hili. Ile barua yako ya Machi niliielewa vizuri sana. Uliandika nisiingize manne juu ya jiwe gumu. Basi nimeingiza manne juu ya jiwe gumu, katikati kabisa ya mwanya, nikakata kona kushoto, nikakata kulia, nikasonga mbele kidogo mpaka likagoma. Kila ulichosema kimetokea, hongera. Gia ndogo haitoki hata kwa mikono miwili. Nimejaribu, kwa uaminifu wa wastani. Kuta ziko pande zote, mlango nafungua robo tu.

Nyuma yangu kuna lori limejaa maji. Dereva amejaribu kunivuta kwa mnyororo mbele ya mlinzi wenu wa doria. Mnyororo ulikatika palepale ulipokuwa umekatika tangu mwaka jana. Tangi lenu, kwa hesabu yake, lina maji ya siku moja. Jeki sina. Mizigo alipanga shangazi yako. Nilimwuliza mara mbili kama ameisahau, akasema ndiyo, ameisahau.

Kwa hiyo atahitajika mtu anayejua. Mimi ni fundi cherehani, sijui kitu kuhusu magari. Akiuliza yeyote, hilo ndilo jibu.

Kile kiti cha dereva nilishakiondolea mayai, kinakungoja.

Baba yako

*

Nyuma ya karatasi ileile, 11 Mei

Baba,

Shikamoo, haraka haraka.

Meneja amepiga kelele, kisha ameangalia kipimo cha tangi, kisha ameniangalia mimi. Nikamwambia gari la mtu baki siligusi bila leseni yangu mkononi. Pale mwanyani likiponyoka likamgonga huyo mzee ukutani, nani atajibu? Akainama, akavuta droo. Akaivuta tu, baba. Kitasa hakikuwa kimefungwa. Mwaka mzima na miezi saba nimekitazama kitasa kilicho wazi.

Leseni na kitambulisho vimo ndani ya kiatu changu. Nimebeba boksi la spana na jeki. Nimevaa ovaroli, na chini yake nguo zangu zote mbili, ndiyo maana utaniona nimenenepa. Wenzangu wameniona nikizivaa. Hakuna aliyeuliza. Wa kitanda cha chini amenifunga kifungo cha mgongoni ambacho sikukifikia, akarudi kulala akatazama ukuta.

Dereva anatangulia na karatasi hii, mwambie akae ndani ya lori na injini iwe inawaka. Tukifika nitainua gurudumu, gia itatoka, lori litarudi nyuma mpaka mchangani, nasi tutarudi nyuma kulifuata. Kisha lipite lipeleke maji, watu wana kiu.

Nimepewa mlinzi mmoja wa kunirudisha. Anafunga viatu vyake hapa pembeni yangu, pole pole sana. Ameniuliza gari lina viti vingapi.

Kilomita sita, nakuja. Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Umeshajifunza mengi mno: usiliguse. Hata ukiona ni jambo dogo. Hata wazo zuri likikujia. Usije ukalitengeneza kabla sijafika.

Binti yako