Kibuyu Nilichoonja Kwanza

Jumamosi, Buluk, Juba. Mvua inanyesha tangu alfajiri na uani kwangu ni tope tupu. Roho yangu nayo iko hivyo hivyo.

Sijui kusoma. Mjukuu wangu Keji ndiye anayeandika kwenye simu, mimi nasema tu. Nimemkataza kunirembea maneno.

Mwanangu Lado, baba yake Keji, ana presha. Akipanda ngazi za benki anakofanya kazi anashika ukuta kama mzee. Mimi nililaumu siko, ile pombe kali inayowaka ukiigusisha kiberiti.

Basi nikajifanya daktari.

Nilimwambia aache siko, nitampikia marisa, pombe yetu ya kienyeji. Marisa ni mtama, na mtama ni chakula. Wenzake kazini walimshauri divai nyekundu, eti inasafisha mishipa. Nilicheka. Divai ya chupa isafishe, mtama wa mama yake ushindwe?

Kwetu mpika pombe huonja kwanza mbele ya mnywaji, ili ajue haina sumu. Miezi minane nilishika kibuyu, nikapiga funda, nikampa. Ndiyo maana aliniamini.

Alhamisi tulienda kliniki. Presha imepanda kuliko mwanzo, mafuta kwenye damu yameongezeka, na tumbo halihitaji mashine kulipima. Nesi, binti wa Kikenya, akauliza anakunywa nini. Nikajibu mimi, kifua mbele: "Siko ameacha. Anakunywa marisa yangu, kibuyu kizima asubuhi na jioni."

Akaweka kalamu chini. "Shosho, siko, bia, divai, marisa, zote zinapandisha presha. Ile kali inampata haraka, hii yako anakunywa nyingi. Hata hiyo divai, hakuna mtu tunamwambia aanze kunywa ati kwa sababu ya moyo."

Nilitaka kumtukana.

Alisema Lado arudi Jumatatu asaidiwe kupunguza taratibu. Lado alikuwa anaangalia feni tu.

Sasa leo. Chungu nilichopika kabla ya kliniki kimeiva. Lado amekuja, ameketi kwenye kigoda chake, vidole vinatetemeka. "Yumma," ameniita, ndivyo mama anavyoitwa hapa Juba, "onja basi, tunywe."

Nimeshika kibuyu. Mkono umekataa kufika mdomoni.

Nimemwaga chungu chote topeni. Kuku wamekimbilia machicha.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amevaa viatu, akaelekea mtaa wa Custom kwenye mvua, na mlango wa muuza siko anaoenda kugonga kule naujua. Nimemfuata hadi barabarani nikiita jina lake kama mtoto aliyepotea sokoni. Bodaboda zimenirushia maji machafu, naye hakugeuka.

Mtaa mzima unaogopa mdomo wangu. Na huo mdomo leo umenisaidia nini?

Nesi alisema taratibu. Mimi nimemwaga kwa mkupuo mmoja, kama mwendawazimu. Ningempa nusu kibuyu, angebaki nyumbani? Au ningekuwa nimeonja tena kile kinachomuua, nikamwambia kunywa mwanangu, ni salama?

Keji ameacha kuandika, analia. Nimemwambia andika, machozi utalia ukimaliza.

Mtama umebaki kidogo kwenye gunia. Nimekoroga uji, hauna chachu, hauna kitu.

Nimeshauonja. Unapoa, na kigoda chake nimekipangusa.