Ua Jekundu Juu ya Uso Wako

Yaya Deo, kaka yangu mkubwa wa kazi,

Nimekukasirikia, na naanzia hapo nisije nikalia kabla sijasema. Nilikuambia ufunge mlango wa studio. Wale wenye bunduki walikuwa wanabeba mali za watu pale sokoni Mulongwe, sisi tuko ndani, na kamera ilikuwa kwenye mfuko wake, imetulia. Ukaitoa. "Segonde mbili tu, Zawadi. Weye uko na woga sana." Zilitosha. Walikuona mlangoni, wakakukimbiza hadi darajani, na jioni tulikuokota kando ya mto bila kamera, bila viatu, bila karte yako ya uchaguzi, ile kadi yenye picha yako.

Nani alikutuma? Wewe ulikuwa mtu wa harusi na kwaya. Kumpiga picha mwizi mwenye bunduki ulijifunza wapi? Kila nikikumbuka nataka nikuzabe kofi, halafu nakumbuka huna tena shavu la kulipokea.

Tulikuzika asubuhi, haraka haraka, padri akiitazama barabara kuliko kitabu chake. Hakuna aliyepiga picha. Wewe uliyewapiga picha marehemu wa mtaa mzima wakatokea wazuri kuliko walivyokuwa hai, umeondoka bila klipu hata moja. Wajomba zako wakanigeukia, si mimi ndiye mwanafunzi wako? Nikawaambia kamera wanayo waliokuua, waende wakaiombe. 

Pale kaburini, nisamehe, nilicheka kidogo. Nilikumbuka maziko ya yule katekista. Ulikuwa umebana kazi mbili kwenye mstari mmoja wa kuhariri, harusi mbele, maziko nyuma, ili usile nafasi ya diski. Ukanakili efe, pambo la video, kutoka klipu ya bibi harusi, lile ua lako jekundu linalofunguka taratibu katikati ya picha, ukachagua klipu zote ubandike, wala hukuangalia mstari unaishia wapi. Familia ya katekista wamekaa wanatazama, jeneza linashushwa, na ua la harusi linafunguka juu yake kwa madaha. Mimi nilikuwa natafuta mlango. Mjane akasema, "Asante, Deo. Hata minye sikuwaza kumupa maua." Tangu hapo hakuna aliyezikwa Mulongwe bila ua lako. Ulijivuna mwezi mzima, utadhani ulikusudia.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana hukukaa ukakiona.

Karte yako ndiyo iliyotumaliza. Waliipiga picha, wakaitawanya kwenye simu zao, na kila barieri, vile vizuizi vya barabarani, kuanzia hapa Uvira hadi Luvungi wakawa wanawashusha watu kwenye pikipiki na kufungua simu zao, wanautafuta uso wako. Anayekutwa nao ni mtu wako, na mtu wako ni adui, basi kila aliyekujua akafuta picha zako. Nyumba yako waliichoma pamoja na albamu na ile picha kubwa ya ukutani. Mke wako, Mama Neema, alitoka na mtoto mgongoni na simu mkononi, basi. Hakulia mbele yangu hata mara moja, na hilo nalo linaniuma.

Akaja studio. Alitaka kuvuka mpaka wa Kavimvira aingie Burundi kabla hawajajua anakolala, na alitaka kuvuka na video ya harusi yenu. Nikamwambia aiache, iko salama kwenye diski. Akasema, "Kila kitu yake imeungua, Zawadi. Sitaenda mikono mitupu." Nikamwambia wakikuta uso wa Deo kwenye simu ile, hawatamwacha hai yeye wala mtoto. Akamwangalia Neema aliyekuwa anatafuna mguu wa kiti, kisha akasema, "Ile ua yake. Uiweke mu sura yake. Ua mu video ya ndoa, nani ataishangaa?"

 Kuufifisha uso kungewashtua, maana uso uliofifishwa unasema wenyewe kwamba kuna kitu. Lakini ua? Video za Uvira zimejaa maua hadi bibi harusi haonekani, na wewe ndiye uliyetuambukiza ugonjwa huo.

Basi nikaufunga mlango, uleule uliokataa kuufunga, nikafungua harusi yako.

Nilikuwa nimeipiga mwenyewe kule Luvungi, kazi yangu ya kwanza, na hukunipa amani. Kila mara unaacha kiti chako cha heshima unakuja kukagua kamera. "Rudisha rangi, tumekuwa ba bluu bote." Suti, jasho, tai imepinda, na mjomba wa mke wako anauliza kama huyu ameoa binti yao au ameoa kamera. Nilikuchukia siku ile. Sasa nilikuwa nakuangalia ukicheka, klipu baada ya klipu, na kila ninapokufikia nakufunika.

Nilijaribu kuiachia mashine ikufuate yenyewe. Unajua inavyofanya: mtu akikatiza mbele, inaupoteza uso iliopewa, inadandia ulio karibu. Ua likakuacha likamrukia padri, likamkaa usoni mpaka mwisho wa misa. Nikalifuta, nikaanza kwa mkono, nalisogeza, naweka alama, nalisogeza tena, kwa sababu hukujua kusimama tuli hata mbele ya altare. Ulipoanza kucheza nilikulaani kwa sauti. Mtu gani huyu hatulii hata akiwa amekufa, nikasema, na hapo nikaachia kipanya nikalia.

Ipo klipu moja. Unakuja mpaka kwenye lenzi, unaifuta kwa tai yako, uso wako unajaza picha nzima, na lile pengo lako, na jasho puani. Unaninong'oneza, "Uko unafanya muzuri, mutoto." Ua la kawaida halikutosha. Nikalikuza, nikalikuza, mpaka picha yote ikawa nyekundu na sauti yako inatoka humo ndani. Nilitaka kuikata klipu ile kabisa. Mama Neema, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akasema niiache kwa ajili ya sauti.

Ulinifundisha kwamba efe inakaa juu ya klipu kama kitambaa juu ya meza. Ukiiondoa, meza ipo palepale, haijakwaruzwa. Ni kweli, kwenye mashine. Lakini video ikishatoka ikaingia kwenye simu ya mtu, kitambaa na meza vimekuwa kitu kimoja, hakuna wa kuvitenganisha. Nilimweleza Mama Neema hivyo. Nikamwambia uso wa Deo unabaki hapa kwangu, vita vikiisha nitamtolea video safi isiyo na ua. Akaniamini.

Kavimvira walimshusha, alinisimulia baadaye. Mmoja wao akaitazama harusi, akawaita wenzake. "Bwana ya ndoa iko wapi?" Akamjibu, "Iko nyuma ya ua. Ni mutindo ya studio." Wakacheka sana, wakasema wanaume wa Uvira wana haya kuliko wake zao, wakamrudishia simu. Alivuka. Efe mbaya kuliko zote ulizopenda ndiyo iliyomvusha mke wako na mtoto wako, na wewe hukuwepo nikucheke.

Wiki ileile wakaja studio. Walichukua mashine, betri ya sola, viti, hata pazia la kijani. Diski nilikuwa nimeificha darini. Wakaigonga dari kwa mitutu, diski ikadondoka miguuni mwao, nami nimesimama mikono juu. Aliyeiokota hakujua hata ni nini, alimwuliza mwenzake kama ni redio. Labda wameitupa ziwani. Labda kuna mtu ameifuta ajaze sinema zake. Harusi yenu yote ilikuwa mle, Yaya, na uso wako haupo mahali pengine popote, isipokuwa kwenye simu za watu wanaowatafuta ndugu zako wawaue. Hao ndio waliobaki na picha yako. Nimeliwaza hilo mpaka nimeona uchungu mdomoni, kweli kabisa, kama mtu aliyetafuna kwinini.

Mtandao uliporudi, Mama Neema alinipigia kutoka kambi ya wakimbizi huko Burundi. Aliuliza nitaliondoa lini lile ua. Nikamwambia ukweli, sikuona pa kuuzungushia.  Kisha akasema Neema ameanza kusema maneno. Akasema video anaitaka kila siku, na wanapofika kwenye klipu ile nyekundu mtoto anaweka kiganja kwenye kioo. Juzi jirani mmoja alipita kati ya mahema amevaa kitenge cha maua mekundu. Neema akamkimbilia, akakumbatia kitenge, akakiita Papa. Walipomtoa alilia hadi akalala.

Sijui namna ya kumuaga mtu ambaye sijamaliza kumkasirikia. Pumzika, basi, kama huko wanakuacha upumzike. Hasira yangu nitakuja nayo kaburini barabara ikitulia, tuimalize sisi wawili. Lakini kwanza nitavuka. Nitamkalisha Neema mapajani, nimshike kidevu chake, kwa sababu ni kidevu chako, nilikiona kila nilipokuwa nakufunika, nimwambie: Papa wako huyu hapa. Atabisha. Atanionyesha kitenge. Nitamshika kidevu tena, Yaya, na kesho yake tena, nakuahidi, mpaka aache kukimbilia nguo za watu.

Mimi mwanafunzi wako,
Zawadi