Pwani ya Kuvunjia Jungu

Muscat, 3 Februari 1969

Mdogo wangu Marhoon,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillah. Goti la mama linalalamika kuliko mwenyewe. Na wewe je? Bado unawachemshia viazi mabaharia wa Kiingereza?

Tangu tutoke Unguja mwaka ule wa sitini na nne, jungu tunalivunjia ndani kama wezi. Shaaban iliyopita nikasema liwalo na liwe. Nikabeba sufuria mpaka ufukweni, tupike, tule, tuoge kabla ya kufunga, kama kwetu. Tukaimba kidogo tu. Majirani walivyotoka kututazama, ungedhani tumeleta tembo! Mume wangu Thani aliona haya, hakunisemesha mpaka mwezi ulipoandama.

Wewe unayeizunguka dunia, hebu tutafutie pwani tulivu, isiyojulikana na mtu, tukavunje jungu letu kwa raha. Mama anauliza utakuja lini. Namwambia, siku wakubwa wa hapa watakapokupa na wewe ruhusa ya kuingia.

Dadako,
Kheiria

Kariaku, 20 Juni 1969

Dada Kheiria,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, nimenenepa. Goti la mama lisuguliwe mafuta ya karafuu.

Nimeipata! Meli yetu ya ndizi iliharibika mashine kule Grenada. Nilipoteremka nikakuta karafuu zimeanikwa njiani, harufu ile ile, nikakaa chini kama mgonjwa. Kisha nikapanda mashua ya barua hadi kisiwa hiki kidogo cha jirani. Wazungu wanaokuja bahari ya Karibi kupumzika wanajazana kwenye visiwa vikubwa vyenye hoteli na muziki. Huku hawajui. Mchanga mweupe, maji ukiingia mpaka kiunoni unaona kucha zako, na kivuli kinatosha mkeka wa mama. Wa kukutazameni ni mbuzi tu, wa mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, Bi Adela.

Meli nimeiacha, dada. Nampikia Bi Adela, na pembeni ya kibanda chake najenga chumba chenye baraza, chenu wewe na mama. Muscat hawanitaki, Unguja ndiyo imekwisha. Njooni.

Mdogo wako,
Marhoon

Muscat, 15 Septemba 1969

Marhoon wewe!

Salaam nyingi. Afya tunayo, hasira pia. Mimi nilikuwa nafanya mzaha, wewe umekwenda kujenga nyumba!

Mama alitaka nimsomee barua yako mara mbili. Aliwacheka mbuzi mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie nimefurahi, pwani yake nzuri. Lakini mie nishahama mara moja, inatosha. Miguu mizima anayo yeye."

Nakuona kwenye barua yako umetulia, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu mwenye dhiki hurudi kwao. Wewe usije ukaridhika huko, mama akaondoka hajakuona.

Dadako,
Kheiria

Kariaku, 12 Novemba 1969

Dada yangu,

Ramadhani mubarak. Hamjambo nyote? Mimi sijambo.

Juzi nilivunja jungu. Nilipika pilau sufuria kubwa, maana kupika kidogo sikufunzwa. Bi Adela alikula kwa adabu, akashukuru, akaenda zake kufunga mbuzi. Nikaoga peke yangu. Kimya kile ulichokitaka, nilikuwa nacho chote.

Nikakwangua ukoko. Unakumbuka tulivyokuwa tukiugombania wali ule ulioshika chini ya sufuria, mpaka mama akatutenganisha kwa mwiko? Safari hii ulikuwa wangu wote, hakuna wa kuninyang'anya. Haukuwa na ladha hata kidogo. Nikawapa mbuzi.

Sikufichi, mahali hapa napapenda. Nikiamka asubuhi nafurahi. Ila siku ile moja nilikulilieni.

Mdogo wako,
Marhoon

Muscat, 30 Agosti 1970

Mpenzi Marhoon,

Assalaam alaykum. Miezi imepita hatujaandikiana. Nilikuwa sina la kukwambia ila "rudi", na mlango umefungwa. Mama mzima, lakini macho yamepungua, sasa hanitambui mpaka niseme.

Marhoon, mlango umefunguliwa! Tangu sultani mpya ashike nchi mwezi uliopita, serikali inawaita watu walioko nje. Wana wa mjomba Harub wameshafika kutoka Cairo. Thani kapata kazi ofisini, hata yeye mwenyewe haamini.

Ijumaa alitupakia garini, akatupeleka Qurum, huko nyuma ya mikoko. Ufukwe mrefu, hauna nyumba wala mtu, kaa tu wanakimbizana. Thani yule yule wa haya akasema, "Hapa imbeni mpaka mchoke." Mama alitia miguu majini, akatabasamu, akauliza, "Marhoon kaiona hii?"

Shaaban inakwisha mwisho wa Oktoba. Sikuamrishi. Una raha yako huko, na mimi nimeacha kuionea wivu. Jungu tutaliteleka ukija usije, na mama keshasema sahani yako iwepo.

Dadako akupendaye,
Kheiria

SIMU YA MAANDISHI. Bahrain, 27 Oktoba 1970

DADA NAFIKA KESHO. CHUMBA NIMEWAACHIA BI ADELA NA MBUZI. MWAMBIE MAMA ASHIKE MWIKO. UKOKO MSIUGUSE. MDOGO WAKO MARHOON