Kasha la Crispin na Kata ya Mama Bonifasia

Devotha, soma hii kabla Crispin hajakupigia kukudanganya!

Si unalijua lile kasha la kubebea kompyuta, la bei chee? Lile analotaka shule inunue, ili yeye awe anapeleka kompyuta kufundishia kule kijiji cha Tingi? Leo kalileta mbele ya kamati. Kaligonga ubavuni, ngo ngo ngo. "Sikieni bati hilo! Gumu!" Akashika mshikio wa juu. "Na linabebeka kama ndoo."

Kama ndoo, Devotha!

Akalinyanyua. Mshikio ukabaki mkononi, kasha likamwangukia mguuni. Na yeye eti, "Mmeona? Halijabonyea!"

Halijabonyea! Huku anarukaruka kwa mguu mmoja!

Mama Bonifasia wa kamati akainuka. Akaviringisha kanga yake ikawa kata, akaiweka kichwani, akajitwika kasha, akazunguka uwanja mzima bila hata kulishika. Akarudi, akalitua. "Linabebeka."

Mkuu wa shule akapitisha palepale, linunuliwe. Crispin akasimama kushukuru, anachechemea.

"Kaa, mwalimu," mkuu akamwambia. "Tingi ataenda Mama Bonifasia. Wewe baki na mshikio wako."