Jani la mpera na mate ya Bibi

Bibi yangu wa Kalemie,

Vumbi la Lubumbashi limenifuata hadi kwenye kikombe cha chai, lakini niko mzima. Jana nilijikata kidole, kidogo tu, nikisafisha samaki wa Kasenga (hawafikii wako). Papo hapo nikatafuna majani ya mpera nikayatemea kwenye kidonda, kama unavyotufanyia. Jirani yangu mfamasia, anayechunguza dawa za miti chuoni, akapiga kelele: "Ee mama! Jani iko muzuri, mu labo ya chuo tuliona inapunguza mikrobe, bale badudu ba kidonda, ku bantu bado tunatafuta kama inaponyesha. Lakini mate, hapana, iko na mikrobe yake! Osha na sabuni!"

Nikaosha huku nikicheka. Kumbe miaka yote ulikosea mate tu, Bibi! Nakuletea kinu kidogo cha shaba cha kutwangia majani, hayo meno yako manne yapumzike.

Mjukuu wako anayekupenda,
Feza