Pengo Nyuma ya Chombo

Kongwa, 20 Machi 2024

Mwanangu Anyesi,

Hujambo huko Uswidi? Baridi imepungua? Unakula? Sisi wazima, isipokuwa hili. Gladness wa jirani atapiga picha barua akutumie kwa simu.

Baba yako hatunaye. Tulimzika tarehe kumi na mbili Februari. Kifua kilimbana asubuhi, mchana akatulia. Kaka yako Eliakimu alitaka kukupigia, nikamnyang'anya simu. Nikasema mtoto ana mtihani wake mkubwa, akimaliza ndipo aambiwe. Uliponipigia kwamba umefaulu nilipiga vigelegele na kaniki ya msiba mwilini. Eliakimu akasema, "Mama, majirani watajua umerukwa na akili."

Sijalia hata tone. Matanga sianui mpaka uje. Utakuja?

Mama yako

Uswidi, 9 Mei 2024

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Samahani kwa kukaa kimya.

Siku ile ya mtihani niliulizwa saa tatu nzima kuhusu plazma baridi. Ni hewa nyembamba yenye chembe za umeme, inavuja kutoka juu kabisa ya anga la dunia. Huko angani imejaa, lakini vyombo vinavyorushwa huko vilipita humo miaka mingi bila kuiona, maana chombo kikipigwa na jua hujaa umeme na kuisukuma mbali. Tunaijua kwa pengo linalobaki nyuma ya chombo. Ndiyo kazi yangu, mama, kusoma pengo. Wakanipigia makofi.

Na mwezi mzima barua zako hazikuwa na "baba yako anakusalimu." Sikuona.

Sina hasira. Sina chochote. Kuja, sijui nitaingiaje humo ndani.

Mwanao Anyesi

Kongwa, 12 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, ingawa umeandika kama karani. Hukunijibu kama unakula.

Jana nilipepeta uwele. Makapi yakanipita huku na huku, nyuma yangu pakabaki safi. Nikasema, kumbe ndicho anachosomea Anyesi.

Usijitwishe hilo. Salamu zake niliziacha mimi. Kila barua nikifika pale, naruka. Kukuficha niliweza, kumsemea marehemu nikashindwa.

Mchungaji amekuja mara mbili. "Mama Eliakimu, matanga miezi mitatu?" Nikamwambia anywe uji, unapoa.

Utaingia kwa mlango wa jikoni, mimi nitakuwa mekoni. Usijilazimishe kulia. Mimi nimejaribu peke yangu, kilio hakiji. Tutakaa wawili. Kisipokuja, tutaanua hivyohivyo.

Mama yako