Kiazi Kimoja cha Kuchemsha

Dada yangu,

Barua yako ilinikuta kwenye cherehani, napunguza magauni yangu mwenyewe. Kilo ishirini na mbili zimekwenda! Mwaka mzima mayai, siagi na nyama ya mafuta, bila wali wala mkate. Siku hizi harufu ya yai tu inanichafua roho.

Daktari wa lishe alifurahi. "Mama, kupungua basi. Sasa kazi ni kubaki hapo hapo. Ongeza kiazi kimoja kwa siku, tuone uzito unavyokaa."

Nikachemsha kiazi. Shemeji yako akakitoa kwenye sahani yangu, akakitupa pipani.

"Bado kidogo," akasema, huku akinibinya kiuno kama anayechagua mbuzi. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa mafuta ya nyama. Dada, kinyaa nilichosikia, hata siagi haijawahi kunitia.

Na mimi nilidhani ananionea fahari.

Nikachemsha kingine, nikakila mbele yake, polepole, na ganda lake. Kisha nikafungasha.

Niko kwa shangazi, wiki ya tatu sasa. Uzito umekaa pale pale. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Fundi